Farasi Mkongwe katika Mbio za Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila msimu, hasa kati ya Oktoba na Aprili, mbio za kuruka zinapopamba moto. Majibu mengi yameegemea mbio hizo kwa sababu huko ndiko wakongwe waliko.

## Mambo ya msingi

Farasi huitwa mkongwe akifika umri gani?

Inategemea mbio. Kwenye mbio za tambarare, kama zile za Ngong kule Nairobi, farasi wa Uingereza huanza kushindana akiwa na miaka 2. Bingwa wa miaka 3 au 4 huondolewa mapema akazalishe, kwa hiyo mwenye miaka 8 ambaye bado anakimbia ni mzee miongoni mwa vijana.

Kwenye mbio za kuruka mstari ni miaka 10, na mstari huo ni rasmi: mbio zinazotangazwa kuwa za wakongwe hupokea farasi wa miaka 10 na kuendelea. Mbio za kuruka zenyewe ni za aina mbili. Viunzi ni vyepesi, vinalala vikigongwa, na kimo chake cha chini ni sentimita 107. Vikwazo ni vipana, vimeshindiliwa matawi, na huanzia sentimita 137. Wakongwe wengi huwa kwenye vikwazo, kwa kuwa huko ujuzi wa kupima hatua kabla ya kuruka hufidia kasi iliyopungua.

Mbona farasi wote huongezwa mwaka Januari 1?

Ni umri wa kitabuni. Kila farasi wa damu safi aliyezaliwa kaskazini mwa ikweta huhesabiwa amefikisha mwaka siku hiyo, hata kama mama yake alimzaa Mei. Kwa farasi wa miaka 2, kupishana miezi minne na mwenzake ni jambo kubwa. Kwa mwenye miaka 11 tofauti hiyo imeshafutika.

Kwa nini farasi wa kuruka hudumu kuliko wa tambarare?

Sababu ya kwanza ni biashara. Wengi wa farasi wa kuruka wamehasiwa, kwa hiyo hawana thamani ya uzazi, na kazi pekee waliyobaki nayo ni kukimbia. Ya pili ni kwamba huanza wakiwa wakubwa kidogo: viunzi kuanzia miaka 3, vikwazo kuanzia 4, na wengi hawaguswi mpaka 5. Ya tatu ni kasi. Mwendo wa maili 3 si wa kukamuana kama ule wa falongi 5 (falongi moja ni mita 200 hivi).

Wapo walioivunja kanuni. Further Flight, aliyehasiwa, alishinda Jockey Club Cup ya Newmarket mara tano mfululizo, 1991 hadi 1995, na ushindi wa mwisho aliupata akiwa na miaka 9. Sea Pigeon ni kisa cha pekee zaidi: alikimbia Derby ya Epsom mwaka 1973, kisha akatwaa Champion Hurdle, mbio kubwa ya viunzi, mwaka 1980 na 1981, akiwa na miaka 10 na 11. Kati ya mataji hayo na ile Derby, mwaka 1979, alishinda Ebor ya York, mbio ya tambarare, akiwa amebeba stoni 10, kama kilo 64.

## Kusoma fomu

Safu kama 1213/4P60-5P42 inasomwaje?

Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na mbio ya karibuni zaidi ni ile ya mwisho kulia. Kosa la kwanza la mgeni ni kuona "1213" pale mwanzoni na kudhani farasi yuko motoni. Ushindi ule ni wa zamani.

Kila tarakimu ni nafasi aliyomaliza; 0 maana yake ni nafasi ya 10 au nyuma zaidi. Kistari hutenga msimu uliopita na huu wa sasa. Mkwaju hutenga msimu wa nyuma zaidi, mara nyingi ukiashiria kwamba farasi alikaa nje muda mrefu. Herufi ni za mbio ambazo hakumaliza: F ameanguka, U amemwangusha joki, B ameangushwa na mwenzake, S ameteleza, R amegoma, P amesimamishwa na joki.

Sasa msome huyu wa kubuni. Alikuwa mzuri sana, akapotea kwa muda, akarudi na msimu mbovu (4, P, 6, 0), kisha msimu huu 5, P, 4, 2. Anapanda. Hatujui bado anapanda kwa sababu mwili umepona, au kwa sababu uzani umepunguzwa, au kwa sababu wapinzani ni dhaifu. Safu haiwezi kukuambia hilo. Inakuambia tu ni mbio zipi ukazifungue usome maelezo yake.

P nyingi ni ishara kwamba amekwisha?

Si lazima. Joki humsimamisha farasi kwa sababu mbalimbali: amechoka, amevuja damu mapafuni, tandiko limeteleza, ardhi haimfai, au ameachwa mbali na hakuna faida ya kumtesa. Kwa mkongwe, joki mzoefu husimamisha mapema, na hilo humwongezea farasi maisha ya uwanjani.

Angalia alisimamishwa wapi. P kabla ya kikwazo cha pili kutoka mwisho, baada ya kuongoza maili 2, ni habari ya pumzi au ardhi. P katikati ya mbio, ilhali hajawahi hata kushika kasi, ndiyo ya kutia wasiwasi. Na zikiwa mbili mfululizo za namna hiyo, mara nyingi kuna maumivu ambayo bado hayajapatikana.

Kiwango ni nini, na kwa nini cha mkongwe hushuka?

Kiwango ni namba anayopewa farasi na wapimaji wa British Horseracing Authority, mamlaka inayosimamia mbio za Uingereza, na hupitiwa upya kila wiki, siku ya Jumanne. Namba hiyo ni ratili. Katika mbio za handikapu, yaani zile ambazo farasi bora hubebeshwa uzani zaidi, kila tofauti ya namba moja ni ratili moja mgongoni, yaani gramu 450 hivi.

Chukua mbio yenye kikomo cha 125. Tuseme mwenye 125 hubeba stoni 11 na ratili 12, kama kilo 75, akihesabiwa joki, tandiko na vipande vya risasi vinavyojaziwa pembeni ya tandiko joki akiwa mwepesi. Stoni moja ni ratili 14. Mwenye 113 yuko chini kwa namba 12, hivyo hubeba stoni 11 kamili, kama kilo 70. Kwenye maili 3 za kuruka, ratili moja huhesabiwa takriban sawa na urefu wa farasi mmoja. Kwenye falongi 5 za tambarare urefu mmoja hugharimu kama ratili 3.

Mpimaji hashushi kiwango kwa sababu ya umri. Hushusha kwa matokeo, ratili 2 au 3 baada ya mbio mbaya, wakati mwingine zaidi. Hapo ndipo mkongwe huwa na hesabu yake. Tuseme alipokuwa na miaka 9 alishinda akiwa na kiwango cha 134, na leo ana 113. Ameshushwa ratili 21. Je, uzee umemla ratili 21 kweli, au 12 tu? Kama ni 12, siku ardhi na umbali vikimkubali ana ratili 9 za bure. Fomu ya mkongwe karibu yote ni hesabu hiyo, na ndiyo maana namba ya ushindi wake wa mwisho ina uzito kuliko nafasi yake ya mwisho.

Akishinda, nini hutokea?

Kiwango hupandishwa Jumanne inayofuata. Akirudi uwanjani kabla ya hapo, hubeba nyongeza ya adhabu, mara nyingi ratili 7 kwenye mbio za kuruka. Wakufunzi huwahi siku hizo chache pale wanapojua kwamba kiwango kipya kitapanda kuliko ile adhabu. Kwa kijana hiyo ni mbinu nzuri. Kwa mwenye miaka 12, mbio mbili ndani ya siku nane huwa zinalipwa baadaye, na anayelipa ni farasi.

Farasi mmoja anaweza kuwa na viwango viwili?

Ndiyo, na watu wengi hupitwa na hili. Kiwango cha viunzi na cha vikwazo ni tofauti, vilevile cha majani na cha viwanja vya mchanga wa kutengenezwa kama Kempton au Wolverhampton. Mkongwe mwenye 130 ya vikwazo anaweza kuwa na 112 ya viunzi iliyokaa hapo tangu ujana wake, bila kuguswa. Ukimwona karudishwa kwenye viunzi ghafla, usidhani moja kwa moja kwamba mkufunzi amekata tamaa. Anaweza kuwa anautafuta ule uzani mwepesi, au anamnyoosha miguu kabla ya mbio kubwa bila kuhatarisha kiwango cha vikwazo.

Alipigwa kwa urefu 30 mwezi uliopita. Mbona leo anapigiwa upatu?

Kwa sababu mkongwe hana siri. Ameshakimbia mara 40 au 50, na rekodi imeshasema anapenda nini. Panga mbio zake zote katika mafungu manne: hali ya ardhi, umbali, mkono wa uwanja (unapinda kulia au kushoto), na siku alizopumzika.

Ardhi ndiyo ya kwanza. Uingereza huieleza kwa ngazi, kutoka imara, kupitia nzuri na laini, hadi nzito. Mwenye kwato pana na mwendo wa kupiga goti juu huogelea kwenye tope. Mwenye mwendo wa kufagia huzama. Tabia hiyo haibadiliki na umri, ila miguu ya mzee huivumilia ardhi ngumu kwa shida zaidi.

Mkono wa uwanja si jambo dogo. Desert Orchid alipenda kupinda kulia, na King George, mbio kubwa ya vikwazo ya Kempton, aliishinda mara nne: 1986, 1988, 1989 na 1990, ya mwisho akiwa na miaka 11. Cheltenham hupinda kushoto. Gold Cup ya huko aliishinda 1989 kwenye tope zito, na ushindi ule unakumbukwa hasa kwa kuwa kila kitu kilikuwa kinyume chake.

Mwisho, mapumziko. Wakongwe wengi hukimbia vizuri wakitoka kupumzika miezi miwili au zaidi, kisha hushuka mbio ya pili na ya tatu. Ukimwona mwenye mtindo huo anarudi baada ya siku 70, ile mbio ya kupigwa urefu 30 haihesabiki sana, hasa kama ilikuwa ya tatu ndani ya wiki tano.

Vifuniko vya macho vikiwekwa kwa mara ya kwanza kwa farasi wa miaka 11, maana yake nini?

Kwamba mkufunzi anaona anazembea, si kwamba anaumwa. Vifuniko humzuia kutazama pembeni na nyuma. Kwa mkongwe aliyechoshwa na kazi ileile huleta mshtuko mzuri mara moja au mbili, kisha huzoea. Mbio ya kwanza ndiyo ya kuangalia. Kufikia ya tano ni pambo.

## Mwili

Jeraha gani huwamaliza wakongwe wengi?

Kano ya nyuma ya mguu wa mbele. Ndiyo inayopokea uzito wote farasi anapotua baada ya kuruka, hunyumbulika kama mpira, na wakati wa shoti joto lake la ndani hupanda kupita nyuzi 40. Damu inayofika hapo ni kidogo, kwa hiyo nyuzi zikikatika hupona polepole, na kovu linaloziba haliwi laini kama kano ya awali. Ndiyo maana jeraha hurudi, na mara nyingi pembeni tu mwa lile la kwanza.

Mtunza farasi hupitisha kiganja kwenye mguu kila asubuhi kabla ya kazi. Anatafuta vitu viwili, joto na uvimbe mwembamba kama ndizi nyuma ya mguu. Farasi anaweza asichechemee hata kidogo. Akishukiwa husimamishwa siku hiyohiyo, hufungwa baridi, na baada ya siku kadhaa hupigwa picha ya mawimbi ya sauti ili kuona tundu lina ukubwa gani. Kisha huanza mapumziko bandani, kutembezwa kwa mkono dakika chache na kuongeza taratibu, telki, halafu shoti fupi. Mwaka mzima ni kawaida. Mkwaju kwenye fomu ya farasi wa miaka 11 mara nyingi ndiyo hadithi hii.

Alama ya upasuaji wa koo inasaidia kutabiri?

Tangu Januari 2018 farasi anayekimbia kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji wa njia ya hewa lazima aonyeshwe kwenye orodha ya mbio. Tatizo la kawaida ni upande mmoja wa koromeo kulegea, hewa ikapita kwa kelele, farasi akaishiwa nguvu ghafla karibu na mwisho. Upasuaji ukifanikiwa huonekana hapohapo. Ila kwa mkongwe jiulize kwanza kama alikuwa anaishiwa pumzi au anaishiwa miguu, kwa maana wa pili hasaidiwi na kisu cha koo.

Anaweza kurudi juu baada ya tatizo la moyo?

Sprinter Sacre alirudi. Machi 2013 alishinda Champion Chase, mbio kubwa ya vikwazo ya Cheltenham, akiwa haguswi, na Desemba mwaka huohuo akasimamishwa Kempton kwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Moyo ulirudi katika mpigo wake, lakini farasi mwenyewe alichukua karibu miaka miwili kuwa yeye tena. Machi 2016, akiwa na miaka 10, alishinda Champion Chase kwa mara ya pili, na mwezi uliofuata akashinda Sandown. Novemba mwaka huo alistaafishwa, na kilichommaliza ni mguu.

Maji ya bahari husaidia kweli?

Red Rum alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa ukwato. Mkufunzi wake, Ginger McCain, alimkimbiza kwenye mchanga wa pwani ya Southport na kumtembeza majini. Maji baridi hupunguza uvimbe na joto, na mchanga uliolowa ni laini bila kuzamisha. Chumvi haiponyi mfupa. Lakini farasi yule alishinda Grand National, mbio ndefu ya vikwazo ya Aintree, 1973, 1974 na 1977, akawa wa pili 1975 na 1976, kwa hiyo hakuna atakayembishia McCain.

## Mbio zinazomfaa

Mbio rasmi za wakongwe ziko vipi?

Ni mfululizo wa handikapu za vikwazo za kufuzu zinazokimbiwa mwaka mzima kwenye viwanja mbalimbali, na fainali hufanyika Sandown mapema Januari, kwenye maili 3 hivi. Kwa kuwa Januari 1 imepita, aliyefuzu akiwa na miaka 10 huingia fainali akiwa na 11. Sandown ina vikwazo vitatu vilivyofuatana karibu sana upande wa reli ya treni. Anayekosea cha kwanza huvikosea vyote. Hapo uzoefu huonekana kwa macho: mzee hupunguza hatua, hufupisha, huruka, bila joki kumwambia lolote.

Grand National bado ni mbio ya wazee?

Imebadilika. Sergeant Murphy alishinda 1923 akiwa na miaka 13, na Red Rum alikuwa na 12 mwaka 1977. Wa mwisho mwenye miaka 12 kushinda ni Amberleigh House, 2004, naye pia alifunzwa na McCain. Mwaka 2022 Noble Yeats alishinda akiwa na miaka 7, umri ambao haukuwa umeshinda tangu 1940.

Vikwazo vimelainishwa na umbali umepunguzwa hadi kama maili 4 na falongi 2½, hivyo kasi imepata nafasi zaidi. Tangu 2024 wanaoruhusiwa kuanza ni 34 badala ya 40 na kiwango cha chini ni 130. Mkongwe aliyeshushwa hadi 124 hana njia ya kuingia, hata awe anaujua uwanja wa Aintree kama zizi lake. Umri wa chini ni miaka 7.

Kiwango kikishuka sana, anakwenda wapi?

Njia nzuri ni mbio za vikwazo za wapanda farasi wa ridhaa, zinazokimbiwa nusu ya kwanza ya mwaka. Cheltenham na Aintree zina zao kubwa. Joki huwa hana uzoefu mwingi, na farasi ndiye mwalimu. Njia nyingine ni kubaki kwenye handikapu za chini na kumpa joki anayejifunza, ambaye hupunguziwa ratili 3, 5 au 7 kulingana na idadi ya ushindi wake.

Ni nani mkongwe zaidi kuwahi kushinda?

Sonny Somers, aliyefunzwa na Fred Winter, alishinda mbio mbili za vikwazo Februari 1980 akiwa na miaka 18. Kwenye Cheltenham Gold Cup, mwenye miaka 12 wa mwisho kushinda ni What A Myth, 1969.

## Kustaafu

Mkufunzi anajuaje kwamba imetosha?

Dalili huanza nyumbani: anaacha chakula baada ya kazi, anachelewa kupona, anaanza kuruka akielekea upande mmoja ili kuukwepa mguu fulani. Uwanjani, dalili iliyo wazi ni kusita kabla ya kikwazo kwa farasi ambaye hakuwahi kusita. Kiwango kilichoshuka pekee si sababu. Kinatibika kwa mbio nyepesi zaidi.

Baada ya hapo hupelekwa wapi, na nini huharibika?

Shirika la hisani la tasnia, Retraining of Racehorses, lilianzishwa mwaka 2000 na husaidia kuwafunza kazi nyingine. Kosa kubwa ni haraka. Nafaka hupunguzwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa huku nyasi zikiongezwa, la sivyo tumbo huvurugika. Hutolewa malishoni na mwenzake mtulivu, akiwa na blanketi ikiwa ni baridi, kwa maana hajazoea usiku wa nje.

Anayempanda kwa mara ya kwanza akumbuke mambo mawili. Farasi wa mbio hupandwa kwa joki kurushwa juu huku farasi akitembea, kwa hiyo hajui kusimama tuli ukikanyaga kikuku. Na ukikaza hatamu, yeye haelewi "simama". Uwanjani hatamu ikikazwa hujiegemeza hapo na kuongeza mwendo. Ukizidi kuvuta, naye anazidi kwenda.

Pasipoti yake ina umuhimu gani akishastaafu?

Tangu Januari 2022, farasi hawezi kukimbia Uingereza bila pasipoti yake kuonyesha kwamba ametolewa kabisa kwenye orodha ya wanyama wa kuliwa. Alama hiyo haifutiki akiuzwa. Mnunuzi akague pia kama namba ya chipu shingoni inalingana na ya pasipoti, na kama mmiliki wa mwisho ameweka sharti la kutorudishwa kwenye mbio. Likiwepo, farasi huyo hawezi kuandikishwa tena na mkufunzi yeyote.